Pa Kuzeekea kwa Bei Nafuu

Tangu nirudi mmeniuliza swali lile lile, mmoja mmoja, kila mtu akidhani ni yeye peke yake: vipi, umepata? Nami nimekuwa nikijibu kwamba tutaongea. Juzi Mama Zawadi aliniuliza mbele ya muuza mkaa, na muuza mkaa naye akashusha gunia akasimama kungoja jibu. Nikaona heri niandike mara moja, ninyi wa jikoni mpokezane, na yule wa mkaa akitaka asomewe.

Mnajua nilivyoondoka. Chuo kilinipa saa ya ukutani, mkanipa khanga na keki, kiinua mgongo kikaingia, pensheni ya mwezi ikaanza. Mwenye nyumba wangu, sijui aliambiwa na nani, akapandisha kodi wiki hiyo hiyo. Mita ya umeme nayo kila mwezi inakata kodi ya jengo. Jengo si langu, na nikimwambia mwenyewe anirudishie, anacheka kama mtu aliyetaniwa na shemeji. Nikakaa nikafikiri kama tunavyofikiri jikoni: sufuria hii na watu hawa haviendani. Mtu hawezi kuzeeka Mbagala kwa pensheni ya mpishi, labda awe na haraka ya kumaliza.

Kwetu ni Ruvuma, na nina wadogo wawili. Otmari yuko mlimani Ukata, upande wa Mbinga, kwenye shamba la baba. Kalista ameolewa chini, pwani ya Ziwa Nyasa, njia ya Liuli. Wote wawili waliniambia kwa simu maneno yale yale, kama wamefundishwa na mwalimu mmoja: njoo huku dada, huku maisha ni bure.

Nilichokuwa ninatafuta ni kidogo. Nilitaka mlango wangu mwenyewe, ninaoufunga na kuufungua mimi, ambao pensheni itaumudu bila kumwomba mtu. Nimelala vyumba vya watu tangu nilipoacha shule. Nilisema safari hii nitalala changu.

Dar es Salaam hadi Songea, pamoja na tangi la choo

Niliondoka Machi, mvua bado ipo. Kiti cha dirishani alikaa mzee mmoja amepakata tangi jeupe la choo cha kuvuta, jipya, bado lina karatasi. Kondakta alimwambia aliweke kwenye buti. Mzee akasema buti za mabasi anazijua, na tangi likabaki mapajani kwake kama mjukuu. Jina lake Mzee Lotari. Alikuwa mpima ardhi, akastaafu, akahamia kwao karibu na Songea. Nilimpa shikamoo, akaniuliza naenda wapi, nikamweleza yote, kwa sababu njia ni ndefu na mimi sijui kusema uongo mapema.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia.

"Dada, ukishuka usiseme umestaafu. Sema uko likizo. Likizo ya ugonjwa, ikiwezekana."

Nikamuuliza ugonjwa gani.

"Usio na dawa, ili wasikuchangishe. Na usioambukiza, ili wakupe chakula."

Akanisimulia yake. Kabla hajafungua mizigo alifanywa mlezi wa kwaya. Baada ya kwaya akafanywa mlezi wa timu ya mpira, kisha mwenyekiti wa kamati ya daraja. Na mlezi, alisema, si kwamba analea. Mlezi anasimamishwa mbele za watu, anapigiwa makofi, halafu watu wote wananyamaza wamtazame mfukoni. Pesa za choo chake zilivaliwa na sauti ya tatu na ya nne, sare za bluu, zimewapendeza sana. Sasa alikuwa amekwenda Dar kwa mwanawe kuomba choo, akapewa tangi. Bakuli lenyewe atalipata mwakani.

Nikamwambia pole, lakini watu wangu si wa namna hiyo. Hawa nimewalea kwa mkono wangu. Akaniangalia kwa huruma, akalihamishia tangi goti la pili, akalala.

Tulipopita Makambako gari likazima katikati ya misitu ya mbao. Dereva akasema ni kitu kidogo. Mimi dereva akisema hivyo huwa ninavua viatu. Wanawake walitoka sijui wapi na mahindi ya kuchemsha, viazi, na chai kwenye chupa, kana kwamba walikuwa wamepewa taarifa na injini. Tulikula, tukaimba, mtu mmoja akahubiri, tukala tena. Mzee Lotari alishuka na tangi lake akalikalia kando ya barabara. Ndiyo mara ya kwanza, alisema, kwa tangi hilo kukaliwa, na si ajabu ikawa ya mwisho.

Tuliagana Songea. Aliniombea kwa Mungu, akanikumbusha ugonjwa.

Mbinga hadi Ukata, mimi nikiwa mlezi

Mbinga asubuhi ina baridi ya kushika masikio. Nilinunua kikapu cha machungwa, nikapanda bodaboda, na pale matope yalipoishinda pikipiki nikapandisha mlima kwa miguu, kikapu kichwani. Hapo ndipo nilipoupoteza ugonjwa. Mtu hawezi kufika kileleni na machungwa kichwani halafu aseme anaumwa.

Otmari alinikumbatia mpaka machungwa yakamwagika. Amenenepa, ana mvi, lakini akicheka ni yule yule niliyekuwa ninamsugua masikio kwa maji ya moto. Mkewe, Winfrida, ni mwanamke mwembamba, maneno yake machache, mikono yake haikai. Alinipa maji ya kuoga na maharage yaliyoungwa kwa karanga ambayo mpaka leo nikiyakumbuka ninameza mate. Watoto wakanipa shikamoo shangazi kwa foleni.

Nikaonyeshwa chumba cha shangazi. Kiko kwenye nyumba mpya ambayo kuta zimefika juu na bati halijafika. Ndani kulikuwa na mifuko ya mbolea na kuku aliyelalia mayai. Kulikuwa na tundu la dirisha.

"Dirisha linakusubiri wewe," Otmari aliniambia.

Jumapili kigangoni katekista alimaliza matangazo ya ndoa, akasema tunaye miongoni mwetu mama yetu, mstaafu wa serikali kuu. Mpishi wa chuo nikawa serikali kuu. Nikasimamishwa. Wakapiga makofi, kisha akasema kwaya imekaa muda mrefu bila mlezi, na Mungu halali. Kila kichwa kikageuka. Nikamkumbuka mzee wa watu amekalia tangi kando ya barabara. Nikasema neno, neno dogo, na neno likapokewa kwenye sahani.

Baada ya misa ukoo ulikusanyika kwa Otmari kwenye sengu. Kwa ninyi msiojua, sengu kwetu ni kula pamoja: kila nyumba inaleta sahani yake, wazee wanakaa, watu wanashiba, na maneno mazito yanasemwa baada ya kunawa. Otmari alisimama. Alisema dada huyu aliacha shule darasa la tano, mama alipomfuata baba kaburini, ili yeye apate kaptula na Kalista apate gauni. Alisema alimwona akipika kwa masista huku akisinzia amesimama. Nikatafuta ncha ya khanga. Na kabla sijaifikisha machoni, Otmari, bila kuvuta pumzi, alikuwa ameshafika kwenye bati, kutoka kwenye bati akafika kwenye mashine ya kumenya kahawa, mashine ya kwetu sote. Nikairudisha khanga.

Kisha akatangaza kwamba dada naye hatakaa mikono mitupu. Atapewa mteremko wa karibu na kijito, aliokuwa akilima mama. Nyasi ameshazipanga yeye mwenyewe. Wazee wakaitikia. Winfrida wakati huo alikuwa nje kwenye moto, anapakua.

Sasa nieleze kidogo, maana hapa ndipo nilipoharibu. Milima yetu imesimama, haitaki matuta. Mwanamume anafyeka nyasi na kuzipanga mistari inayokatana, kama nondo za dirisha. Mwanamke anakuja na jembe, anachimba udongo wa katikati na kuzifukia nyasi, na katikati panabaki shimo la kutuliza maji ya mvua. Tunaita ngoro. Na jambo moja ambalo hakuna aliyeliandika lakini kila mtoto analijua: aliyefukia ndiye anayepanda maharage, na aliyepanda ndiye anayevuna. Mwanamume haingii hapo hata kwa macho.

Kesho yake nilichukua jembe nikaenda. Tangu utotoni sikuwa nimeshika ngoro, lakini mikono ilijua. Udongo mweusi, umelowa vizuri, unakaa unapouweka. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Wanawake waliopita njiani walinisalimia kwa kifupi wakaongeza mwendo, nami nikadhani wananionea gere, mwanamke wa Dar anachimba hivi.

Nilikuwa nimefukia mteremko wote alipokuja Winfrida, jembe begani, mfuko kichwani. Akasimama ukingoni akaangalia juu, akaangalia chini.

"Umefukia vizuri, wifi. Mkono haujasahau."

Nikashukuru. Yeye akabaki amesimama.

"Sasa mbegu zangu nizipeleke wapi?"

Ndipo nikaelewa. Mteremko wa mama ulikuwa umefukiwa na Winfrida kila mwaka tangu aolewe. Sabuni ya nyumba ile, sare za shule, vitenge vyake, vyote vinatoka hapo. Kahawa ni ya Otmari, maharage ni yake. Otmari alipanga nyasi zile kwa ajili ya mkewe, kisha akanitunuku mimi mbele ya wazee, na mkewe hakuambiwa. Nami, kwa kuwa nilikuwa na furaha, nimemnyang'anya shamba kabla ya saa ya chai.

Nikamwambia shuka upande mbegu zako, wifi, ni pako. Akatikisa kichwa. Akipanda juu ya jasho langu watasema amemdhulumu wifi aliyemlea mumewe. Nisipopanda mimi watasema amenifukuza.

"Acha tu," akasema, akaurudisha mfuko kichwani.

Nilipomuuliza Otmari, alisema hayo ni mambo ya wanawake, yataisha. Yalikuwa mambo yake yote, kuanzia kichwa hadi mkia. Na siku zilizofuata Winfrida alinipikia maharage yale yale ya karanga, akanitengea kwanza mimi, akanikaribisha kwa heshima zote. Yalinishinda kumeza. Nikasema nakwenda kumsalimia Kalista.

Kushuka Mbamba Bay, kupitia kizuizini

Otmari alinipa gunia la mahindi nimpelekee dada yake, na ndizi juu yake. Barabara ya kushuka ziwani siku hizi ni ya lami, inazunguka milima kama ganda la chungwa, na masikio yanaziba mara mbili kabla ya kuliona ziwa.

Kwenye kizuizi kimoja kijana mwenye mashine ya ushuru alizunguka gari, akagonga gunia kwa kidole, akauliza la nani. Nikasema langu, si biashara, ni zawadi ya mdogo wangu.

"Zawadi haijai gunia, mama."

Nikamwambia amjue kwanza mdogo wangu anavyokula. Abiria wakacheka, yeye pia akacheka, lakini hakuondoka. Mzee mmoja nyuma alisema gunia moja halitozwi. Kijana akasema na ndizi je. Tukabishana kuhusu ndizi mpaka dereva akazima gari kuokoa mafuta, na gari likizimwa abiria wanaacha kuwa upande wako. Nikalipa. Akaniuliza kwa upole kama nafanya kazi, nikasema nimestaafu, akasema hongera, baba yake naye amestaafu, amefilisika. Akanipa risiti.

Niseme ukweli, nilimpenda kijana yule. Katika safari nzima ni yeye peke yake aliyechukua pesa yangu akanipa karatasi ya kuonyesha amechukua. Risiti nimeitunza.

Ziwani, kwa Kalista

Kalista alipoolewa alihamia Anglikana, lakini anacheka Kikatoliki, kwa kifua chote. Mumewe Gideoni ni mvuvi, mpole, hazungumzi mpaka ale. Nyumba yao iko juu kidogo ya mchanga, na ua mzima umeanikwa usipa, vile visamaki vidogo vya Nyasa, vinang'aa kama mtu amemwaga sindano.

Asubuhi ya kwanza nilichukua beseni na pesa nikashuka kununua mboga. Mitumbwi ilikuwa inafika, watu wameshikilia wanaivuta nchi kavu, wanawake, wazee, hata mwalimu mmoja na tai yake. Nikasimama pembeni kama mteja mstaarabu nikingoja wamalize. Mvuvi mmoja akaniuzia kwa moyo mweupe, kwa bei wanayowauzia wenye malori.

Kalista aliliona beseni akaweka mikono kichwani.

"Dada, umenunua?"

Alisema kana kwamba nimeiba. Pale ukishika mtumbwi ukasaidia kuuvuta, unapewa mboga ya siku. Hata ukigusa tu. Anayenunua pembeni ni mchuuzi au mtu asiye na watu, na mimi nimemfanya Kalista aonekane amemwacha dada yake anunue usipa ziwani kama dereva wa lori. Habari ilikuwa imefika kanisani kabla yangu.

Siku iliyofuata nikashika mtumbwi. Sikuvuta kitu, mtumbwi ndio ulionivuta mimi, lakini nikapewa bakuli limejaa usipa na magege wawili juu, wale perege wa Nyasa. Nikakaa barazani nikala ugali wa muhogo na samaki ambao hawakunigharimu senti, nikasema kweli hawa watoto hawakudanganya, huku maisha ni bure.

Mchana akapita mjumbe: kuna msiba jirani. Kabla hajafika getini akaja mama wa shule, madawati. Jioni chama cha wavuvi, injini imekufa. Wote walianza kwa maneno mamoja, kwamba asubuhi wameniona kwenye mtumbwi. Nikaelewa utaratibu. Mita ya Mbagala inakukata bila kukusalimia. Hawa wanakaa, wanauliza afya, wanasifu mboga, na huwezi kumwambia mtu aliyekupa magege kwamba wewe ni mpita njia.

Hata hivyo pale ningeweza kukaa. Nilikuwa nimeanza kuangalia nyumba ya vyumba viwili ya mama mmoja mjane, milango yake inatazama mawe. Nikamweleza Kalista. Akasema ya nini kupanga, chumba kipo. "Na sisi hatutaki pesa yako, dada. Hata thumni. Sisi tunakutaka wewe."

Mnavyonijua, nililia kidogo. Akanishika mkono akanipeleka kukiona. Kulikuwa na kitanda kikubwa, chandarua kipya, na kando ya kitanda mikeka miwili midogo imekunjwa. Mikeka ni ya wajukuu zake, watoto wa binti yake Neema, ambaye ana kazi Songea. Wameshanizoea, Kalista alisema, na mimi mtoto kwangu ni kitu kidogo, si nimemlea yeye na Otmari.

"Nililea kwa sababu mama alikufa," nikamwambia. "Neema amekufa?"

Kalista akaacha kucheka.

"Hajafa, dada. Yuko Songea."

"Basi gari zipo."

Alirudi uani akaendelea kugeuza usipa. Aligeuza hata waliokuwa wamegeuzwa. Baadaye akaniletea chai, akasema chumba kipo hata bila watoto, lakini alisema akiwa anaangalia maji. Sikuwa nimemkasirikia. Otmari ametaka kiinua mgongo changu na Kalista ametaka mgongo wenyewe, na wote wawili wamefanya hivyo kwa kunipenda, hilo sina shaka nalo. Ni kwamba wamezoea kunikuta nipo, kama mafiga.

Nilimbeba mdogo wa wajukuu wale mpaka stendi. Nilitaka ajue si yeye ninayemkimbia.

Kupanda tena Ukata, na ujira wangu

Niliporudi mlimani maharage yalikuwa yameota kila mahali. Ukisimama kwenye kanisa unaona milima yote ina vidoa vya kijani kibichi, isipokuwa mteremko mmoja, mweusi, mashimo yamepangika vizuri, hakuna kitu. Ukoo mzima ulikuwa unaupita njiani ukiuangalia. Mbegu za Winfrida zilikuwa bado kwenye mfuko, zimening'inizwa juu ya moshi, na mvua zilikuwa zinaanza kuaga. Bado wiki moja hivi, na shamba lile lisingempa kitu mwaka mzima.

Nikamwomba Otmari akusanye watu tule. Macho yake yaling'aa. Aliona mashine. Alichinja jogoo.

Tukala, tukanawa. Nikamwomba baba mdogo ruhusa ya kusema, naye ni mzee wa sengu, akanipa. Nikamwomba pia Winfrida aache kupakua aje akae. Hilo lilichukua muda, maana hakutaka.

Nikamuuliza Otmari mwaka jana mteremko wa mama ulifukiwa na nani. Akasema na Winfrida. Mwaka juzi? Winfrida. Akaanza kucheka kidogo, akiangalia wazee, kama mtu anayengoja mwisho wa utani.

"Basi mwaka huu wifi yangu alichelewa kidogo, nikamshikia kazi," nikasema. "Mimi nilikuwa kibarua. Kibarua hapandi. Kibarua analipwa."

Nikamgeukia Winfrida. "Wifi, nimekuja kuchukua ujira wangu."

Alinitazama, nikaona anaelewa polepole. Akinilipa mbele ya ukoo, basi kazi ilikuwa yake na shamba ni lake, na hakuna mdomo utakaosema alimdhulumu mtu. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na bakuli la maharage. Nikatandaza khanga, nikapiga goti kama anavyopiga kibarua yeyote, nikapokea kwa mikono miwili. Alimimina mpaka yakaanza kumwagika.

"Yametosha?" akauliza.

"Punguza. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu."

Wanawake waliokuwa mlangoni wakacheka kwanza, kisha baba mdogo. Winfrida mwenyewe aliinamisha uso, mabega yakamtikisika. Kwa hiyo mkiuliza habari za mapato yangu baada ya kustaafu, mshahara wa kwanza nimepokea kwa wifi yangu, na haukukatwa kitu.

Otmari hakucheka. Alisema nimemnyang'anya neno lake mbele ya watu.

"Neno lilikuwa lako," nikamwambia. "Shamba halikuwa lako."

"Na mashine?"

"Mashine ni ya kahawa. Kahawa ni yako."

Akatoka nje, na paja la jogoo likabaki kwenye sahani yake. Baba mdogo alingoja kidogo kwa adabu, kisha akalila.

Asubuhi nilimwona Winfrida kwa mbali anapanda, anarudi nyuma nyuma kwenye kingo za ngoro. Hakuniita nikamsaidie, nami sikwenda. Otmari alikuwa ameondoka mapema, hakusema anakokwenda. Nilimwachia kwaheri kwa watoto.

Mbinga mjini, mwisho wa njia

Nilikuwa nimekata tiketi ya kurudi kwenu bila jibu. Gari lilikuwa linachelewa, nikazunguka nyuma ya soko kutafuta chai, nikaona uani kwa Mama Gaudensia chumba kiko wazi, kinafagiliwa. Kimoja, na jiko la nje la pamoja, na mlango wa mbao wenye kitasa. Bei yake pensheni inaimudu na sukari inabaki. Kutoka hapo kwenda Ukata ni safari ya asubuhi, kushuka ziwani ni safari ya mchana, na kote kuwili lazima mtu aage ndipo aondoke. Hilo nililipenda kuliko bei.

Alinipa ufunguo nijaribu. Nikafunga, nikafungua, nikafunga tena, nikafungua, mpaka akauliza kama kitasa ni kibovu.

Mwenye nyumba yule ni mtu wa maswali. Nasali wapi, nimewahi kuugua nini, ninaamka saa ngapi. Kisha akauliza kama nina ndugu sehemu hizi. Nikasema ninaye mdogo wangu wa kiume Ukata na wa kike ziwani.

"Sasa kwa nini unapanga?"

"Ndiyo maana ninapanga."

Alilifikiria hilo, akaguna, akapokea kodi, nikamwambia ninarudi Dar kufungasha vyombo ndipo nihamie. Halafu akatoa simu yake, akasema yeye hapokei mpangaji wa umri wangu bila kujua jambo moja: nikiugua ghafla ampigie nani. Nilifikiri. Kalista ni mbali, na simu yake huwa iko kwa wajukuu. Winfrida hana. Nikamtajia namba ya Otmari, taratibu, naye akaiandika.

"Huyo mnaelewana?"

"Hatuongei," nikamwambia. "Lakini mpigie huyo huyo. Atakuja amenuna, ila atakuja."